Anaimba lakini hawezi kuomba maji: Muziki unavyomsaidia mgonjwa wa kiharusi

Mgonjwa aliyepata kiharusi anaulizwa jina la mwanawe. Midomo inacheza, jasho linamtoka, neno halitoki. Jioni hiyohiyo redio ya jirani inapiga wimbo wa zamani anaoujua, na mgonjwa yuleyule anaimba ubeti mzima bila kukosea neno. Wimbo ukiisha, anarudi kwenye ukimya wake.

Katika familia nyingi hapo ndipo maneno yanapoanza. Wapo wanaosema mzee anajifanya. Wapo wanaosema amewasusa watoto wake. Wengine wanaanza kumtafuta mganga, kwa hoja kwamba mtu anayeweza kuimba lakini akashindwa kuomba maji lazima "amechezewa". Mgonjwa anayasikia yote hayo, na mara nyingi anayaelewa, ila hana njia ya kujibu.

Hali hiyo inafahamika vizuri kitabibu. Haitokani na kiburi wala uchawi. Tena kwa mgonjwa ni dalili ya matumaini, kwa sababu inaonyesha kuna njia katika ubongo ambayo bado inapitika. Tiba ya muziki inaitumia njia hiyo kumsaidia mgonjwa kurudisha maneno, hatua za miguu na kazi ya mkono.

Kiharusi kinavyoujeruhi ubongo

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu. Aina inayowapata watu wengi zaidi ni ile ya mshipa wa damu kuziba. Aina nyingine ni mshipa kupasuka na damu kuvujia kichwani. Kwa vyovyote vile, chembe hai za ubongo huanza kufa ndani ya dakika chache. Shinikizo la juu la damu ndilo chanzo kikubwa, likifuatiwa na mambo kama kisukari, maradhi ya moyo, uvutaji wa sigara na lehemu nyingi mwilini.

Hapa nchini tatizo hili si dogo. Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 jijini Dar es Salaam na katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, uliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika jamii. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, yalionyesha kuwa baada ya kuzingatia tofauti za umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai wapatao 109. Kiwango cha Dar es Salaam kilizidi kile cha nchi nyingi tajiri.

Madhara anayobaki nayo mgonjwa hutegemea sehemu ya ubongo iliyoumia. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndiko pia kuliko na sehemu kuu za lugha. Ndiyo maana aliyepooza mkono na mguu wa kulia mara nyingi hupoteza na usemi. Hali ya kupoteza lugha baada ya ubongo kuumia huitwa afasia, na humpata takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu wa kiharusi.

Mwaka 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa akiulizwa lolote hujibu silabi moja tu: "tan". Mgonjwa huyo alikuwa akielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake na kukuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Sehemu hiyo hadi leo inaitwa kwa jina la daktari huyo.

Kuimba, kwa upande mwingine, si kazi ya upande wa kushoto peke yake. Sauti kupanda na kushuka, pamoja na mdundo, hushughulikiwa na pande zote mbili za ubongo, na upande wa kulia una mchango mkubwa. Isitoshe, wimbo uliokaririwa tangu utotoni hutoka kama shanga zilizotungwa kwenye uzi mmoja: neno la kwanza linalivuta la pili. Kuomba maji ni jambo jingine. Hapo mgonjwa inambidi atafute maneno, ayapange na kuyatamka upya, na kazi hiyo ndiyo iliyoharibiwa. Wataalamu bado wanajadili ni kipi kinachosaidia zaidi kati ya sauti ya wimbo, mdundo wake na mazoea ya maneno. Wanachokubaliana ni kwamba uwezo huo wa kuimba ni wa kweli.

Kutoka kwenye wimbo hadi kwenye sentensi

Mwaka 1973, wataalamu watatu waliokuwa Boston, Marekani, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, walichapisha maelezo ya tiba inayotumia uimbaji kuwafundisha kusema upya watu wenye afasia. Tiba hiyo ingali inatumika, na hatua zake ni rahisi kuzielewa.

Mtaalamu huchagua maneno machache ambayo mgonjwa anayahitaji kila siku. Huyaimba polepole kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku akiushika mkono wa kushoto wa mgonjwa na kuugongesha mezani au pajani, pigo moja kwa kila silabi. Kwanza mtaalamu anaguna sauti hiyo bila maneno. Kisha wanaimba pamoja. Katikati ya sentensi mtaalamu ananyamaza na kumwacha mgonjwa amalizie. Baadaye mgonjwa anaimba peke yake, halafu anajibu swali kwa sentensi ileile. Mwishoni wimbo unapunguzwa kidogokidogo hadi yabaki mazungumzo ya kawaida.

Kiswahili kinakubali zoezi hili bila shida. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua sentensi "nataka maji". Inagongwa hivi: na-TA-ka MA-ji. Sauti ya juu inakaa kwenye TA na MA, ya chini kwenye silabi zilizobaki. Mapigo ni matano, mkono unagonga mara tano. Hivyohivyo "nina njaa", "naumwa", "nataka kulala", "nipeleke chooni".

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Sauti inayotumika kufundishia isiwe ya wimbo maarufu. Ukitumia sauti ya wimbo anaoujua, yatatoka maneno ya wimbo huo na si yale unayotaka ayajifunze. Wimbo wa zamani unafaa kuifungua sauti na kumpa moyo. Ila akiishia kwenye nyimbo za zamani tu, anaweza kuimba mwaka mzima na bado akashindwa kuomba maji.

Tiba hii haimfai kila mgonjwa. Wanaonufaika zaidi ni wale walioumia upande wa kushoto wa ubongo, wanaoelewa wanachoambiwa, lakini maneno yanatoka machache na kwa taabu. Yule anayeongea mfululizo maneno yasiyoeleweka, tena haelewi anachoambiwa, anahitaji njia nyingine. Tofauti hiyo inapaswa kuamuliwa na mtaalamu wa tiba ya usemi au daktari.

Mfano uliojulikana duniani ni wa Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge nchini Marekani. Januari 2011 alipigwa risasi iliyopita upande wa kushoto wa ubongo. Yeye hakupata kiharusi, lakini jeraha lake lilimwachia afasia kama ya wagonjwa wengi wa kiharusi. Tiba ya muziki ilikuwa sehemu ya matibabu yake, na mwaka uliofuata alisimama mbele ya hadhara na kuzungumza, ingawa hadi leo maneno humjia kwa kazi kubwa.

Mdundo unavyoiongoza miguu

Mtu aliyepooza upande mmoja hutembea kwa hatua zisizolingana. Mguu mzima unaruka haraka, ule dhaifu unaburutwa. Mdundo thabiti husaidia kulisawazisha hilo, kwa sababu sehemu za ubongo zinazopokea sauti zina uhusiano wa karibu na zile zinazoongoza mwendo. Sikio likishaushika mdundo, mwili unajua mapema pigo linalofuata litakuja lini na kujiandaa nalo. Askari wa gwaride na wavuvi wanaovuta nyavu kwa kuimba wanalijua jambo hili kwa vitendo.

Mwaka 1997, Michael Thaut na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 20 wa kiharusi. Wote walifanya mazoezi ya kutembea mara mbili kwa siku kwa wiki sita, lakini nusu yao waliyafanya kwa kufuata mdundo. Waliofuata mdundo waliongeza kasi na urefu wa hatua kuliko wenzao. Mwaka 2007 kundi hilo lilichapisha utafiti mkubwa zaidi wa wagonjwa 78, na mdundo ukaonyesha faida tena.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtaalamu wa mazoezi tiba huhesabu kwanza mgonjwa anapiga hatua ngapi kwa dakika kwa mwendo wake mwenyewe. Kama ni 50, mdundo unawekwa kwenye mapigo 50, si 80. Mgonjwa akizoea, mdundo unaongezwa kidogo, kwa asilimia tano hadi 10. Mwishoni muziki unazimwa kwa vipindi ili ajifunze kutembea bila kuutegemea.

Mkono nao unaweza kucheza

Mwaka 2007, watafiti wa Hannover, Ujerumani, akiwamo Eckart Altenmüller, walieleza matokeo ya wagonjwa wa kiharusi waliofundishwa kupiga kinanda na ngoma za umeme. Hawakuwa wanamuziki. Walipata vipindi 15 vya nusu saa kwa wiki tatu, pamoja na matibabu yao ya kawaida. Mikono yao iliongeza kasi na wepesi kuliko ya wale waliopata matibabu ya kawaida peke yake.

Siri yake haipo mbali. Mkono dhaifu unapona kwa kurudia kitendo kilekile mara nyingi sana, na kurudia kunachosha. Mgonjwa anayeambiwa anyanyue mkono mara mia moja huacha akifika ya ishirini. Akipewa ngoma, kila kitendo kinaleta sauti, na sauti inamwambia palepale kama amepiga sawasawa. Anafika mia bila kuhesabu.

Hata kusikiliza tu kuna faida

Mwaka 2008, Teppo Särkämö na wenzake wa Helsinki, Finland, waliwagawa wagonjwa 60 waliopata kiharusi karibuni katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilisikiliza muziki ulioteuliwa na wagonjwa wenyewe, angalau saa moja kwa siku kwa miezi miwili. La pili lilisikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti. La tatu halikupewa kitu cha kusikiliza. Wote waliendelea na matibabu ya kawaida.

Waliosikiliza muziki walirudisha kumbukumbu ya maneno na umakini vizuri kuliko makundi mengine, na walikuwa na sonona kidogo kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Sonona baada ya kiharusi si jambo la kudharau. Mgonjwa aliyekata tamaa hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi hapati nafuu.

Ushahidi umefikia wapi

Mwaka 2017, taasisi ya Cochrane, inayokusanya na kupima tafiti za tiba, ilichapisha mapitio ya majaribio 29 yenye washiriki 775 walioumia ubongo, wengi wao kwa kiharusi. Mapitio hayo yalisema muziki unaweza kusaidia kutembea, matumizi ya mkono, mawasiliano na ubora wa maisha. Yalisema pia kwamba tafiti nyingi zilikuwa ndogo na ubora wake haukuwa wa juu, hivyo nyingine kubwa zinahitajika.

Kwa lugha nyepesi, muziki ni nyongeza yenye manufaa. Hauondoi haja ya dawa za presha, mazoezi tiba wala kliniki. Atakayekuuzia kanda ya "kuponya kiharusi" na kukushauri uache dawa anamweka mgonjwa wako katika hatari ya kupata kiharusi cha pili.

Wewe unayemuuguza, anzia hapa

Wataalamu waliosomea tiba ya muziki ni wachache katika ukanda wetu, na wa tiba ya usemi hawatoshi. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii inaweza kufanyika nyumbani, baada ya daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba kumwona mgonjwa na kukuelekeza.

Chagua muziki wake, si wako. Kama alikuwa mtu wa kwaya, mpe kwaya. Kama ni kaswida, taarabu au dansi la zamani, mpe hilo. Mletee nyimbo mbili na umwache achague kwa kuonyesha kidole au kutikisa kichwa. Kuchagua nako ni mazoezi, na kunamrudishia heshima.

Kwa usemi, anza na sentensi tatu tu anazozihitaji. Keti mbele yake ili aone midomo yako. Imbeni polepole huku mkono wa kushoto ukigonga. Dakika 10 hadi 15 mara mbili kwa siku zinatosha. Akikosea usimcheke wala usimkatishe. Anza upya naye kwa upole. Na akishaweza kuimba "nataka maji", usimpe maji kabla hajajaribu kuomba, ila usimtese kwa kiu.

Kwa kutembea, hakikisha kwanza mtaalamu amesema yuko salama kusimama na kupiga hatua. Simama upande wake dhaifu. Sakafu iwe kavu, bila mikeka inayokunjamana, na avae viatu vinavyoshika mguu badala ya ndala. Mdundo unaweza kuupiga kwa makofi au kwa programu ya simu inayohesabu mapigo. Akianza kuyumba, simamisha.

Kwa mkono, tumia kilichopo: kayamba, kopo, ndoo iliyofunikwa, meza. Weka vitu viwili vyenye sauti tofauti umbali mdogo ili mkono usafiri kutoka kimoja hadi kingine. Anza na mapigo mapana ya mkono mzima, baadaye vidole. Bega likiuma, acha na umweleze mtaalamu. Usimvute mkono uliopooza.

Redio inayowaka tangu asubuhi hadi usiku si tiba. Kelele za mfululizo humchosha mgonjwa na kumzuia kusikia anachoambiwa. Muziki uwe na saa yake, na baada yake kuwe na utulivu. Usimwimbishe akiwa anakula, kwani wagonjwa wengi wa kiharusi wana shida ya kumeza na anaweza kupaliwa. Akilia katikati ya wimbo usishtuke. Machozi ya ghafla ni kawaida baada ya kiharusi. Nyamaza naye, kisha muulize kama aendelee. Lakini akiwa na huzuni kila siku, asile wala asilale, mpeleke hospitali.

Usikate tamaa kwa kuambiwa kwamba miezi sita imepita. Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, lakini wapo wanaoendelea kupata maneno mapya miaka kadhaa baadaye kwa mazoezi.

Kwa mzazi mwenye mtoto

Watu wengi wanadhani kiharusi ni ugonjwa wa wazee. Watoto wenye selimundu, yaani sikoseli, wamo katika hatari kubwa. Bila kinga, takriban mmoja kati ya 10 wenye aina kali ya ugonjwa huo hupata kiharusi kabla ya kufikisha miaka 20. Mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo aulize kliniki kuhusu kipimo cha mishipa ya damu ya kichwani na dawa ya haidroksiyurea, kwani kiharusi hicho kinaweza kuzuilika.

Tafiti nyingi za tiba ya muziki zimefanywa kwa watu wazima. Hata hivyo, mtoto anayejifunza upya kutumia mkono huvutwa zaidi na mchezo kuliko amri. Michezo ya kupigiana makofi, nyimbo za kuhesabu na za kutaja viungo vya mwili humfanya atumie mkono dhaifu bila kulazimishwa. Mshirikishe mwalimu wake pia. Mtoto aliyekuwa mchangamfu na sasa anakaa kimya darasani huenda anajua jibu, ila neno limemkwama.

Usisubiri kesho

Tiba zote hizi ni za baada ya kiharusi. Siku kinapotokea, kinachohitajika ni kasi. Ukiona uso umeshuka upande mmoja, mkono umeishiwa nguvu ghafla, au maneno yanatoka kwa kukwama, mkimbize mgonjwa hospitali yenye uwezo wa kupima kichwa, na kumbuka saa dalili zilipoanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Usimpe chakula, maji wala dawa ya kunywa njiani.

Kwa aliye na mgonjwa nyumbani tayari, muulize daktari maswali matatu siku ya kliniki: Je, mgonjwa wangu anaelewa tunachomwambia? Je, yuko salama kufanya mazoezi ya kutembea kwa mdundo? Na nani hapa hospitali anaweza kutuelekeza mazoezi ya kusema? Mweleze pia kama umewahi kumsikia akiimba. Taarifa hiyo ndogo inaweza kumsaidia mtaalamu kuamua pa kuanzia.